Mtaro Mbele ya Nyumba Yako Ni wa Nani?

Masika yakishika Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, kuna swali linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa kuliko lolote: nani anatakiwa kuzibua mtaro? Mmoja anasema ni kazi ya manispaa. Mwingine anasema tangu wakala wa barabara, TARURA, waje, manispaa haina tena mkono kwenye barabara. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa analaumiwa kwamba amelala, naye anajibu kuwa barua alishapeleka tangu mwaka jana. Wakati wanabishana, maji yako magotini na bajaji hazitaki kuingia mtaani.

Wote hao wana kipande cha ukweli. Mtaro mmoja wa futi mbili unaweza kuwa na wahusika wanne au watano, kutegemea unazungumzia nini: kuta zake, mchanga uliojaa ndani, taka zinazoelea, majitaka yanayofunguliwa humo usiku, au mto unakomwaga maji. Mkazi asiyejua nani anahusika na kipi huzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na mara nyingi hakuna anayemdanganya. Kila ofisi inamwambia kweli kuhusu kipande chake.

Makala hii inafungua mkanganyiko huo kwa mkazi wa kawaida. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, lakini sheria ni zilezile na wakala wa barabara ni walewale ukiwa Mwanza, Mbeya au Tanga.

Tuanze na barabara yenyewe

Tanzania Bara ina wakala wawili wa barabara za umma. TANROADS, iliyoanza mwaka 2000 chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi, inasimamia barabara kuu na barabara za mikoa, jumla ya kilomita zipatazo 36,000. TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ilianza Julai 2017 chini ya Ofisi ya Rais TAMISEMI. Hiyo ndiyo yenye barabara za wilaya: za mkusanyo, za mjazio na za jamii. Mtandao wake unafikia kilomita 144,000 hivi. Kwa lugha ya mjini, barabara ya Morogoro, Mandela, Nyerere na Kilwa ni za TANROADS. Ukishakata kona kuingia ndani Sinza, Tabata au Mbagala, kwa kawaida uko kwenye mikono ya TARURA.

Kabla ya 2017 barabara hizi za ndani zilikuwa za halmashauri. Kulikuwa na idara ya ujenzi, mhandisi wa halmashauri na greda la halmashauri, na diwani aliweza kumbana mhandisi huyo kwenye kikao cha baraza. Mkanganyiko wa leo ulianzia kwenye mabadiliko hayo. Wahandisi na fedha vilihamia TARURA, lakini mwananchi aliendelea kumpigia kura diwani na kumdai diwani barabara. Meneja wa TARURA wa wilaya hawajibiki moja kwa moja kwa baraza la madiwani, na madiwani hawajaacha kulalamikia jambo hilo.

Kwa maoni yangu, kuwakusanya wahandisi mahali pamoja na kuzitenga fedha za barabara kulikuwa uamuzi sahihi. Halmashauri nyingi zilikuwa na mhandisi mmoja aliyebebeshwa madarasa, zahanati na barabara kwa pamoja. Kilichopotea ni ile njia fupi ya mwananchi kumfikia mwenye maamuzi, na hakuna kilichowekwa badala yake chenye nguvu ileile. Ndiyo maana inabidi mkazi aijue njia ndefu.

Kuna pia kundi la tatu, ambalo huwaumiza wengi bila kujua: njia ambazo hazimo kwenye orodha ya wakala yeyote. TARURA huweka barabara zake kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa DROMAS, ambamo kila barabara ina jina, urefu, aina ya tabaka la juu na hali yake. Bajeti ya matengenezo hutengenezwa kutokana na orodha hiyo. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa bila kupimwa, na njia nyingi zilitokea tu kwa watu kuachiana upenyo kati ya nyumba na nyumba. Njia ya namna hiyo inaweza kupitisha magari 200 kwa siku na bado, kwa upande wa serikali, isiwepo. Mkiandika barua ya kuomba kalavati kwenye njia ambayo haimo, barua yenu haina pa kukaa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kwenye ofisi ya TARURA ya wilaya ni fupi: barabara yetu imo kwenye mtandao? Kama haimo, kazi ya kwanza ni kuiombea iingizwe, kupitia mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata na halmashauri. Kazi hiyo ni ya muda mrefu, na haina njia ya mkato.

Mtaro na wahusika wake

Mtaro uliojengwa kando ya barabara ni sehemu ya barabara. Kuujenga, kuukarabati na kuuzibua, pamoja na makalavati yanayovusha maji chini ya njia, ni kazi ya yule mwenye barabara. Kama barabara ni ya TARURA, mtaro ni wa TARURA. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza kwenye kilichomo ndani ya mtaro. Taka ngumu ni jukumu la halmashauri. Yenyewe ndiyo inayoweka wazoaji wa taka, inayotoza ada ya taka na kutunga sheria ndogo za usafi, na yenyewe ndiyo yenye maofisa afya wanaoweza kumpiga faini anayetupa taka mtaroni. Kwa hiyo mtaro uliozibwa na mchanga ni shauri la TARURA, na mtaro uliozibwa na chupa za plastiki, viroba na pampasi una mguu mmoja TARURA na mwingine manispaa.

Pengo hilo linaonekana wazi siku ya kuzibua. Vijana wenye makoleo wanashuka mtaroni asubuhi, wanatoa mchanga mweusi uliochanganyika na mifuko, nguo kuukuu na maganda, na wanaurundika pale pale ukingoni. Kazi inahesabiwa kuwa imekwisha kwa sababu mtaro uko wazi. Rundo linabaki. Linakauka, watoto wanapanda juu yake, pikipiki zinalikwepa, na mvua ya kwanza inayofuata inalirudisha lote ndani. Anayelipwa kuzibua hakulipwa kusomba, na gari la taka linabeba taka za majumbani, halibebi mchanga wa mtaroni. Ukitaka kujua kama mtaa wako unatunzwa kwa dhati, usiangalie mtaro, angalia kama rundo limeondoka. Na mnapoomba kuzibuliwa mtaro, andikeni kwenye barua hiyohiyo kwamba mnaomba na mchanga uondolewe eneo hilo. Yakiandikwa mawili kwa pamoja, ni vigumu zaidi moja kusahaulika.

Mtaa ukiwa na bahati, mchanga huo hauhitaji kusombwa na serikali. Kuna vijana wanaouchekecha na kuuza kwa toroli kwa wanaojenga. Mtaroni kazi yao inasaidia. Mtoni ni jambo jingine: wanapochimba kingo za Msimbazi au mito mingine, ukuta wa asili unaanguka na nyumba za jirani zinafuata.

Majitaka yana mwenyewe pia. DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ndiyo yenye mfumo wa majitaka na mabomba ya maji safi Dar es Salaam, na bomba linapopasuka na kuchimba barabara, ni huko taarifa inakokwenda. Lakini sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mfumo huo. Nyumba zina mashimo, na mvua ikinyesha baadhi ya watu hutapisha vyoo: wanafungua shimo ili kinyesi kichukuliwe na maji ya mvua. Ni kosa kisheria, na ni hatari kuliko mafuriko yenyewe, kwa sababu kipindupindu husafiri na maji hayo. Anayeshughulika na hilo ni ofisa afya wa kata. Ukimpigia meneja wa TARURA kuhusu choo kinachotapishwa hatakuwa na la kukufanyia.

Halafu kuna mito. Msimbazi, Ng'ombe, Sinza na Kizinga haihesabiwi kuwa mitaro, hata pale ilipojengewa kuta za zege. Kama rasilimali ya maji, mito ya Dar es Salaam iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila anayeishi Kigogo au Jangwani anajua jinsi sheria hiyo na maisha halisi zilivyo mbalimbali.

Hapo katikati yuko mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hana greda wala fungu la barabara. Alichonacho ni muhuri, mkutano wa wakazi na sauti ya kusema kwamba ombi hili ni la mtaa mzima. Watu wengi hudharau muhuri huo. Ofisini, barua ya mkazi mmoja ni malalamiko, lakini muhtasari wa mkutano uliotiwa saini ni ombi la eneo, na maombi ya maeneo ndiyo yanayopanda kwenda kata na wilaya.

Maji yanavyoiua barabara

Barabara ya udongo au changarawe hutengenezwa ikiwa na mgongo. Katikati panainuka, pembeni pameshuka, mteremko wa asilimia 4 hadi 6 hivi, ili tone likidondoka likimbilie mtaroni. Mgongo ukipotea, maji yanakaa katikati, magurudumu yanalainisha udongo, na shimo la kwanza linaita la pili.

Greda ndilo linalorudisha mgongo. Hata hivyo, kuchonga kuna madhara yake kama hakuendi pamoja na kuongeza changarawe. Kila greda linapopita linakwangua sentimita kadhaa za udongo na kuusukuma pembeni. Baada ya miaka ya kuchongwa bila kuongezwa kitu, barabara inakuwa chini kuliko viwanja vya pande zote mbili. Maji ya kila ua sasa yanaingia barabarani badala ya kutoka barabarani. Mitaa ambayo watu husema barabara imegeuka mto mara nyingi ni mitaa iliyochongwa kwa uaminifu kila mwaka. Na ule udongo uliosukumwa pembeni, usipokatwa mianya ya kutolea maji, unakuwa ukuta unaoyafungia maji ndani.

Lami ina kifo cha namna nyingine. Yenyewe haiogopi mvua inayopita juu, inaogopa maji yanayokaa. Maji yakituama pembeni kwa sababu mtaro umejaa, yanapenya kwenye ufa mdogo hadi tabaka la kokoto chini. Gari zito likipita juu, gurudumu linayabana maji hayo kama pampu ya baiskeli inavyobana hewa, nayo yanatoka kwa nguvu yakiwa yamebeba udongo laini. Tabaka linabaki na uwazi chini, lami inabonyea, kisha inameguka. Kuziba kiraka juu ya shimo la namna hiyo wakati mtaro bado umejaa ni kutupa fedha, na kiraka kitafumuka masika hayohayo. Mkiona mafundi wanaziba viraka mtaani kwenu, ulizeni kwa adabu kama kuzibua mtaro kumo kwenye mkataba huo.

Sasa tuje kwenye geti lako. Mtu amejenga, mtaro unapita mbele ya uwanja, anataka gari liingie. Fundi anamshauri njia ya bei nafuu: laza bomba la plastiki la inchi 6 mtaroni, jaza kifusi juu, mwaga zege. Gari linaingia vizuri. Tatizo liko kwenye hesabu. Kalavati la kawaida la mduara la sentimita 60 lina uwazi mara 16 ya bomba la inchi 6, ambalo ni kama sentimita 15. Mtu mmoja amefunga milango 15 kati ya 16 ya maji ya majirani wote walio juu yake. Kiroba kimoja kikikwama kwenye mdomo wa bomba hilo, hata ule mlango mmoja unafungwa. Naamini kabisa kwamba vivuko vya majumbani vya namna hii vinaharibu mitaro mingi kuliko mchanga, na wala havijajengwa na watu wabaya. Havikukaguliwa tu. Kivuko juu ya mtaro wa barabara kinahitaji idhini ya mwenye barabara, na ofisi ikiombwa hutoa vipimo. Kuomba kwanza ni nafuu kuliko kuvunjiwa baadaye.

Ili kuona uzito wa jambo, chukua eneo la hekta moja, yaani mita 100 kwa 100, lililojaa mabati na sakafu za saruji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu yake ni mita za ujazo 500, au lita 500,000. Ni boza 50 za lita 10,000. Zamani sehemu ya maji hayo ilizama mchangani, kwa sababu Dar es Salaam ina mchanga mwingi. Leo kila ua umesakafiwa, na karibu yote yanakwenda mtaroni kwa mkupuo.

Maji yakishaingia mtaroni, yanaishia wapi?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mkutano wa mtaa ulianze nalo. Mtaro mzuri wa mawe au zege unaweza kujengwa mita 300 kisha ukaishia kwenye kiwanja cha mtu, au kwenye mtaro mwembamba zaidi, au kwenye kona iliyoinuka. Waliojengewa wanashangilia, waliopo mwisho wanazama. Mtaro usio na pa kumwagia umehamisha mafuriko, haujayaondoa.

Mlolongo wa maji una wakubwa na wadogo: kijitaro cha mtaa, mtaro wa barabara ya mkusanyo, kalavati linalopita chini ya barabara kuu, mto, bahari. Mlolongo mzima unapitisha maji kulingana na pale palipobanwa zaidi. Inawezekana kabisa mtaa wenu ukazibuliwa vizuri na TARURA na bado mkafurika kwa sababu kalavati lililo chini ya barabara kuu, ambalo ni la TANROADS, ni dogo au limejaa. Hapo barua ya pili inatakiwa kwenda TANROADS mkoa, na nakala TARURA. Mahali ambapo wakala hawa wawili hukaa meza moja ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa na wabunge ni wajumbe. Jambo linalogusa barabara mbili za wakala wawili, mpe mbunge au diwani alifikishe huko.

Mwisho wa yote Dar es Salaam ni tambarare na bahari. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji na kuingia Bahari ya Hindi pale Daraja la Selander. Njiani hubeba mchanga kutoka vilimani, na ukifika Jangwani ambako hakuna mteremko, unautua. Bahari ikiwa imejaa wakati mto umefurika, maji hayana pa kwenda. Desemba 2011 mvua kubwa ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikawapa viwanja Mabwepande baadhi ya waliokuwa wakiishi mabondeni. Tangu hapo kumekuja miradi mikubwa. Mradi wa DMDP, yaani mradi wa uendelezaji wa jiji la Dar es Salaam, uliopata mkopo wa dola milioni 300 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2015, ulijenga barabara na mitaro Kinondoni, Ilala na Temeke, ikiwemo kutengeneza mito Ng'ombe na Sinza. Mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, unasimamiwa na TARURA. Una daraja jipya la Jangwani na fidia kwa wanaohama bondeni.

Miradi hiyo ni muhimu na ninaiunga mkono. Ila inaleta kishawishi cha kudhani kwamba mtaro ukishajengwa kwa mkopo mkubwa utajitunza. Mtaro wa zege wa mita tatu ukijaa mchanga nusu yake ni mtaro wa mita moja na nusu, na kuuzibua kunalipiwa na mfuko uleule mdogo wa matengenezo.

Fedha na kalenda yake

Mfuko wa Barabara hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwenye tozo ya mafuta. Dereva wa bodaboda anayejaza lita mbili amechangia barabara, na mwenye jenereta pia. Mgawo uliodumu kwa miaka mingi ni asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA, ingawa mtandao wa TARURA ni mrefu karibu mara nne. Barabara kuu hubeba malori mazito na zinahitaji zaidi kwa kila kilomita, lakini asilimia 30 haikuwahi kutosha, na wabunge wamelisema hilo mara nyingi. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Ni ongezeko lililoonekana, japo linagawanywa nchi nzima.

Fedha za matengenezo zikifika wilayani hugawanywa kwa mafungu: matengenezo ya kawaida, kama kuzibua mitaro, kufyeka na kuziba mashimo, matengenezo ya muda maalumu, kama kuweka tabaka jipya la changarawe, matengenezo ya sehemu korofi, na madaraja na makalavati. Ukijua ombi lenu linaangukia fungu lipi, mnaongea na mhandisi kwa lugha yake. Mita 40 zinazokwamisha magari kila mvua ni sehemu korofi. Hapo huhitaji kuomba lami ya kilomita mbili. Omba hizo mita 40 na kalavati lake.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mipango ya mwaka unaofuata huanza kukusanywa miezi mingi kabla, hupita kwenye mitaa, kata na vikao vya wilaya, na kuanzia Aprili hadi Juni iko Dodoma bungeni. Sisi tunaandika barua Aprili, maji yakiwa sebuleni. Wakati huo bajeti ya mwaka uliopo inakaribia kuisha na ya mwaka ujao imeshafungwa. Ombi la Aprili linabaki kuwa ombi la dharura, na fungu la dharura ni dogo na linagombewa na kila mtaa uliofurika siku hiyohiyo.

Kwa hiyo masika yawe wakati wa kupiga picha, na mkutano uwe mapema. Pigeni picha maji yanapofikia ukutani, mkiandika tarehe na saa. Onyesheni yanakotoka na yanakokwenda. Kisha Agosti au Septemba, wakati vumbi linatimka na hakuna anayefikiria mvua, mtaa ukutane na kupeleka ombi kabla vikao vya bajeti havijaanza. Kuzibua nako kufanyike kabla ya vuli ya Oktoba na kurudiwa kabla ya Machi.

Ramani inasaidia kuliko maneno. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria ulishirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kupita kwenye kata zinazofurika Dar es Salaam wakipima mitaro: upana, kina, imejengwa kwa nini, imeziba wapi. Matokeo yamewekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye simu. Kama kata yenu imo, mnaweza kuambatanisha kipande hicho na barua. Kama haimo, mchoro wa mkono wenye vipimo vya futi kamba unatosha.

Kazi ikianza

Sehemu ya matengenezo ya kawaida inaweza kufanywa na vikundi vya kijamii vya eneo husika, na TARURA imekuwa ikivipa vikundi vya namna hiyo mikataba midogo ya kufyeka, kuzibua na kufagia mitaro. Kikundi kilichosajiliwa cha vijana au akina mama wa mtaa kina faida ambayo mkandarasi wa mbali hana: kinakaa hapo, na kitaulizwa hapo. Ulizeni ofisi ya wilaya kuhusu nafasi hizo mwanzoni mwa mwaka wa fedha.

Mkandarasi akifika, mkazi hahitaji shahada kutazama mambo machache. Sakafu ya mtaro ishuke moja kwa moja kuelekea mwisho. Mimina ndoo chache za maji, na yakisimama njiani mwite msimamizi kabla zege halijakauka. Kalavati likae usawa na sakafu ya mtaro, kwani likikaa juu, mchanga utajaa mbele yake. Nyuma ya kuta za mtaro pajazwe udongo na kushindiliwa, kwa sababu pakiachwa wazi maji hupita nyuma ya ukuta na kuuangusha wenyewe. Mwisho wa mtaro uwekewe mawe, maji yasichimbe korongo kwa jirani wa chini.

Kazi za ujenzi zikikamilika huwa na kipindi cha matazamio kilichoandikwa kwenye mkataba, ambacho mara nyingi ni miezi 12, na sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa hadi kipindi hicho kiishe. Ukuta ukipasuka au sakafu ikibomoka ndani ya muda huo kwa sababu ya ujenzi mbovu, mkandarasi anarekebisha kwa gharama yake, bila bajeti mpya na bila kusubiri Julai. Ulizeni siku ya makabidhiano kipindi hicho kinaisha tarehe ngapi, muiandike kwenye kitabu cha mtaa, na mapema kabla ya tarehe hiyo mtembee mtaro wote kutoka juu hadi unakomwaga, mkiwa na simu ya kupigia picha na barua ambayo mwenyekiti ameshaigonga muhuri.